Kishindo na Kisa: Namna ya Kuipima Filamu Kubwa

Ubishi kuhusu filamu kubwa huwa na kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema picha ni kali, magari yamepaa, jiji zima limeporomoka, hela ya tiketi imerudi. Kambi ya pili inajibu kwamba hadithi haina kichwa wala miguu na stelingi hana moyo. Kambi zote mbili zinaweza kuwa na haki na filamu ikabaki haijapimwa, kwa sababu mizani yenyewe ina kasoro: kishindo kimewekwa upande huu, kisa upande ule, kana kwamba kimoja kikipanda kingine lazima kishuke.

Aliyesoma fasihi ya Kiswahili shuleni ana zana za kutokea hapo. Mwalimu mzuri wa fasihi haulizi tu kama shairi lina vina vizuri au ujumbe mzuri. Anauliza fani, yaani namna kazi ilivyoundwa, imeyabebaje maudhui, yaani yanayosemwa. Milipuko, mazimwi ya kompyuta na meli zinazozama ni fani. Kwa hiyo mbele ya kila tukio kubwa uliza: limembadilisha nani, na limemgharimu nini? Maelezo haya yanaonyesha namna ya kulijibu swali hilo kwa kalamu, daftari na saa chache, mpaka hukumu yako iweze kusimama mbele ya mtu asiyekubaliana nawe.

Kabla ya kuwasha

Filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya ukumbi wa sinema haipimwi picha yake kwenye simu ya inchi 6. Kisa, wahusika na mazungumzo unaweza kuvipima hata kwenye simu. Mandhari hapana, ukiandika kwamba hayakuvutia, umeipima simu. Kama ukumbi uko mbali, televisheni ya inchi 43 inatosha, mradi ukae kama mita moja na nusu kutoka kwenye kioo, yaani usogeze kiti mbele ya pale kochi lilipo katika sebule nyingi. Zima taa iliyo nyuma yako, maana ndiyo inayojirudia kwenye kioo na kuua giza la picha.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya picha. Televisheni nyingi mpya hutoka dukani zikiwa na kitu cha kulainisha mwendo ambacho tayari kimewashwa. Kila kampuni imekipa jina lake, lakini kazi ni moja: kubuni fremu za ziada na kuzichomeka katikati ya fremu halisi. Fremu ni picha moja moja zinazounda mwendo, na filamu nyingi hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Televisheni ikiongeza za kwake, mwendo unateleza, na tukio lililogharimu mamilioni ya dola linaonekana kama tamthilia ya bei nafuu iliyorekodiwa studioni. Lawama nyingi zinazopewa efekti za filamu ni kosa la mpangilio huu. Uzime, kisha uhame kutoka kwenye aina ya picha yenye rangi kali uende ile iliyoandikwa Cinema, Movie au Filmmaker.

Angalia na chanzo. Nakala iliyorekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi haifai kwa kazi hii. Giza limekula nusu ya picha. Hata huduma halali ya intaneti hushusha ubora yenyewe mtandao ukilegea, na dalili utaiona kwenye matukio ya usiku: mahali palipotakiwa kuwa na kivuli laini panatokea vigae vya kijivu vinavyochezacheza. Vigae hivyo havikuwekwa na mwongozaji. Pakua filamu nzima kwa ubora wa juu kabla ya kuanza. Na kwa kuwa spika ndogo za televisheni huacha milipuko imeze maneno, vaa hedifoni kabla hujaandika kwamba mazungumzo hayasikiki.

Mara ya kwanza, tazama kama mtazamaji

Usisimamishe filamu wala usiandike sentensi. Weka karatasi pembeni uandike dakika tu, kwa aina tatu za tukio: pale mwili uliposisimka, pale mkono ulipokwenda kwenye simu, na pale ulipopotea usijue nani yuko wapi au wanagombania nini. "47, simu" inatosha. Alama hizi ni ushahidi wa jinsi filamu ilivyokufikia kabla hujaanza kujenga hoja, na huwezi kuzipata tena ukitazama mara ya pili.

Kesho yake msimulie mtu ambaye hajaiona. Mpe dakika tano, bila kujiandaa. Sikiliza mdomo wako mwenyewe, hasa pale utakaposema "basi hapo wakapigana weee" ukaruka hadi yaliyofuata. Vita uliyoiruka na msikilizaji asiulize kitu haikubeba kisa. Ile ambayo ukijaribu kuiruka unakatizwa, "sasa mbona huyu ameshakufa?" au "hawa si walikuwa maadui?", hiyo imebeba. Jaribio hili ni la haraka na lina ukweli mkubwa, kwa sababu masimulizi ya mdomo hayana bajeti ya efekti. Kinachobaki mdomoni ni yale yaliyowapata watu.

Chagua matukio matatu

Huhitaji kuichambua filamu yote ya saa mbili na nusu. Chukua tukio kubwa la kwanza, moja la katikati, na la mwisho. La mwisho usiliache kamwe: ndipo mara nyingi vitu vilivyotengenezwa na kompyuta huwa vingi zaidi kwenye kioo, na ndipo ahadi zote za kisa zinapodaiwa. Tazama kila moja mara tatu: kama lilivyo, bila sauti, na macho yakiwa yamefumbwa. Kwa matukio ya dakika kumi kumi hiyo ni saa moja na nusu ya kazi.

Bila sauti, uweze kusema nani anataka nini na nani anashinda kwa wakati huo. Usipoweza, ujue muziki ndio uliokuwa unakuambia usisimke na picha haikuwa na cha kusema. Macho yakifumbwa, sikiliza kama kuna neno lolote ambalo mhusika mwingine asingelisema. Katikati ya vita ni kawaida kusikia "nyuma yako!" na "shika hapa!" tu, hivyo usihukumu haraka. Sogeza nyuma usikilize dakika moja kabla ya vita na dakika moja baada yake. Humo ndimo waandishi wazuri huweka wanachodaiwa.

Chora ramani

Baada ya kutazama tukio la mapigano, simamisha uchore kwenye daftari: stelingi yuko wapi, adui yuko wapi, wanakimbilia nini, njia ya kutokea iko upande gani. Mduara kwa kila mtu na mshale kwa kila mwendo, basi. Ukishindwa, rudia mara moja. Ukishindwa tena, tatizo si lako.

Wengi husema tukio halieleweki kwa sababu kamera inakatwakatwa mno. Hesabu kwanza kabla ya kusema: weka saa dakika moja, piga mstari mmoja kwenye karatasi kila shoti, yaani kipande cha picha kisichokatwa, inapobadilika. Lakini idadi peke yake haitii mtu hatiani. Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015, iliyopigwa kwa sehemu kubwa katika jangwa la Namibia, ina takriban shoti 2,700 ndani ya saa mbili, wastani wa chini ya sekunde tatu kwa kila moja, na bado unajua muda wote lori liko wapi na nani ananing'inia upande gani. Sababu ni kwamba mwongozaji George Miller alitaka kitu cha kutazamwa kiwe katikati ya fremu, shoti baada ya shoti. Jicho halilazimiki kutafuta. Picha inabadilika, mahali pa kutazama hapabadiliki. Mhariri Margaret Sixel alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Jaribu mwenyewe: weka kidole katikati ya kioo, uone ni mara ngapi sura au gurudumu muhimu linatua chini yake. Kisha fanya hivyohivyo kwenye filamu iliyokupoteza. Utaona macho yakitupwa kona ya kushoto, kisha kulia juu, kisha chini, kila nusu sekunde.

Njia nyingine ya kumpa mtazamaji ramani ni kumfundisha kabla. Katika Titanic ya 1997, bibi kizee Rose anaonyeshwa kwenye kompyuta jinsi meli ilivyozama: maji yanaingia mbele, pua inashuka, mkia unapanda, chombo kinakatika, mkia unasimama wima halafu unakwenda chini. Mchoro mkavu, wenye maelezo ya kitaalamu. Meli haigongi barafu mpaka takriban dakika ya 100 ya filamu inayozidi saa tatu, na ikianza kuzama hakuna haja ya mtu yeyote kueleza chochote. Mtazamaji anajua hatua inayofuata, kwa hiyo macho yake yako huru kutazama watu: wanamuziki wanaoendelea kupiga, mama anayewasimulia watoto hadithi ndani ya chumba chao, wazee wawili waliolala wamekumbatiana kitandani. Somo la kompyuta ndilo lililowanunulia watu hao nafasi. Ukiona filamu ya maafa ambayo wahusika wanapiga kelele za kueleza maji yameingia wapi wakati huohuo wakitakiwa kulia, jua somo halikutolewa mapema.

Top Gun: Maverick ya 2022 inafanya vivyo hivyo kwa ndege. Kazi inaelezwa darasani na kurudiwa mazoezini: pita bondeni chini ya rada, muda dakika mbili na nusu, ruka mlima, piga shabaha yenye upana usiofika mita tatu, kisha panda wima huku uzito wa mwili ukiongezeka kiasi cha kumzimisha rubani. Siku ya kazi yenyewe, kila sekunde ina maana kwa sababu umeshahesabu nao mara kadhaa.

Uzito, mwanga na kamera

Hapa ndipo neno "grafiksi mbovu" hutumiwa ovyo. Sema kasoro ni ipi.

Kuna uzito. Kitu kizito huchelewa kuanza kusogea na huchelewa kusimama. Kikitua, udongo, maji au magoti hukubali. Tazama nyayo. Jitu la tani nyingi likikimbia kama paka na lami isipasuke, ubongo unalikataa hata kama kila unyoya umechorwa. Kuna mwanga: kivuli cha pua ya mwigizaji kinaelekea wapi, na kivuli cha jengo lililo nyuma yake kinaelekea wapi? Vikipishana, huenda mwigizaji alikuwa mbele ya kitambaa cha kijani, ambacho kompyuta hukibadilisha kwa picha nyingine, na taa hazikulinganishwa. Na kuna kamera. Kamera inayozunguka angani, kupenya dirishani na kupita katikati ya miguu ya watu bila kutikisika inakuambia hakuna mtu aliyekuwepo pale. Wakati mwingine hilo ni sawa. Mara nyingi linaondoa hofu.

Wingi wa efekti haupimi chochote. Katika Jurassic Park ya 1993 dinosau wanaonekana kwa takriban dakika 15 kati ya 127, na sehemu kubwa ya muda huo ni mitambo ya Stan Winston, fundi wa mazimwi ya sinema, iliyokuwepo kweli mbele ya waigizaji. Zimwi kubwa linakuja usiku, mvua inanyesha. Mvua na giza vinaficha kingo ambako kompyuta ya wakati ule ingeumbuka, na vilevile vinamtisha mtoto aliye ndani ya gari. Kabla hatujaliona, tunaona maji ndani ya glasi yakitikisika kwa viduara. Vilipatikana kwa uzi wa gitaa uliofungwa chini ya dashibodi na kuchezeshwa. Glasi moja imebeba uzito wa mnyama mzima. Mwongozaji wake, Steven Spielberg, kwenye Jaws ya 1975, alikuwa na papa wa mitambo aliyeharibika mara kwa mara baharini, na mapipa ya njano yanayovutwa juu ya maji yakafanya kazi ya papa. Ukiandika daftari lako, tenga mstari mmoja kwa swali hili: kabla ya kitu kikubwa kuonekana, tumeona sura ya nani ikikiona?

Wala fedha hazipimi. Godzilla Minus One ya Japani ilipata Oscar ya efekti mwaka 2024 kwa timu ya watu 35 na shoti 610, namba ndogo kabisa ukilinganisha na washindani wake. Ukitazama jitu lile likiinuka baharini utaona maji yanavyochelewa kuteremka mgongoni mwake. Hapo ndipo uzito ulipo.

Nani ameamua nini

Sasa kisa. Usianze na "wahusika wana kina", maneno hayo hayashikiki. Kwa kila moja ya matukio matatu andika sentensi moja: "Fulani aliingia akitaka hiki, akaamua hivi, ikamgharimu hiki." Fasihi inatupa mhusika bapa, ambaye tabia yake haibadiliki, na mhusika duara, anayebadilika kadiri mambo yanavyomfika. Mhusika bapa si dhambi; filamu nyingi nzuri za mapigano zina stelingi bapa na watu wanaobadilika wakiwa pembeni yake. Kosa ni mtu aliyeandikwa kama duara, anayelia na kukumbuka utoto wake kwa dakika kumi, kisha anaingia kwenye tukio kubwa na hakuna hata kimoja kati ya vilio hivyo kinachobadilisha anavyopigana.

Kwa mfano hai, rudi kwenye lile bonde la Top Gun: Maverick. Rooster ni rubani kijana, mtoto wa afisa wa rada aliyekufa akiruka na stelingi, Maverick, na kosa lake mazoezini ni kusita. Anangoja mpaka awe na uhakika. Bondeni anabaki nyuma, muda unakwisha. Swali la picha, je, atafika kwa wakati, na swali la kisa, je, atamwamini mtu anayemlaumu, ni swali moja. Akiongeza kasi amejibu yote mawili kwa mkono uleule. Hicho tukiite kifundo: mahali kishindo na kisa vimefungwa pamoja kiasi kwamba huwezi kukata kimoja bila kukifungua kingine.

Kipimo cha kifundo ni kubadilisha mtu. Mtoe mhusika, mwingize stelingi wa filamu nyingine mwenye nguvu zilezile. Tukio likienda vilevile mpaka mwisho, hakuna kifundo. Likivunjika, kipo.

Filamu moja, mapigano mawili

Njia bora ya kuzoea kipimo hiki ni kulinganisha matukio mawili ndani ya filamu moja, maana mwongozaji ni yuleyule, waigizaji ni walewale. Black Panther ya Ryan Coogler, 2018, inafaa kuliko zote. Ilipata Oscar tatu: mavazi ya Ruth E. Carter, usanifu wa mandhari wa Hannah Beachler, na muziki wa Ludwig Göransson.

Weka kwanza pigano la maporomoko ya maji kati ya T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda, na binamu yake Killmonger anayekitaka kiti chake. Kanuni zinajulikana kwa sababu tuliziona kwenye pigano la awali na M'Baku, mpinzani wa kwanza: mfalme ananyang'anywa nguvu anazopewa na mmea wa pekee, watu wanasimama kwenye miamba kushuhudia, mshindi hupatikana kwa kifo au kwa kukubali kushindwa. Chora ramani, ni rahisi: dimbwi la maji yanayofika miguuni, ukingo, na nyuma ya ukingo hakuna kitu. Killmonger anavua shati na tunaona makovu mwili mzima, kila moja ni mtu aliyemuua. Mavazi na ngozi vimeshasimulia maisha yake kabla mkuki haujainuliwa. Mzee Zuri, mlezi wa mila za ufalme, akiingilia, anakufa, na kifo hicho kinatokana na siri aliyoificha miaka yote. Mweke shujaa mwingine yeyote mahali pa T'Challa: hana damu moja na mpinzani, hana deni la baba yake, na tukio lote linabomoka. Kifundo ni kikubwa.

Halafu weka pigano la mwisho, kwenye reli ndani ya mgodi wa vibranium, madini ya kubuni yanayoipa Wakanda nguvu zake. Watu wawili wenye mavazi yanayofanana wanaanguka na kurukaruka kwenye nafasi isiyo na sakafu wala dari ya kueleweka. Jaribu ramani hapa, utaona karatasi inabaki tupu. Miili mara nyingi ni ya kompyuta. Inageuka angani bila uzito, na mwanga wa bluu unapiga kila kitu kwa kiasi kilekile. Ukimwingiza shujaa mwingine kwenye zile sekunde za kuanguka, hakuna kitakachobadilika.

Lakini usiishie hapo, kwa sababu uhakiki mwingi wa tukio hili uliishia hapo na kulionea. Shuri, dada wa T'Challa, alishaeleza mapema kwamba mitambo ya treni hunyamazisha vibranium. Treni ikipita, mavazi yanafunguka, na kwa muda mfupi tunaona nyuso na visu vya kawaida: ndugu wawili tena. Uamuzi huo wa kisa ni mzuri, umefungwa ndani ya picha dhaifu. Na baada ya pigano, T'Challa anambeba adui yake kwenda kuangalia jua likizama juu ya Wakanda, jua ambalo Killmonger alisimuliwa na baba yake utotoni. Killmonger anapewa nafasi ya kutibiwa na anaikataa, kwa sababu hataki kuishi kifungoni. Dakika hizo chache hazina mlipuko hata mmoja na ndizo kilele cha filamu.

Tukitoa alama kumi kumi kwa tukio la mgodini hadi machweo: kishindo 4, kisa 9, kifundo 6. Tukio la maporomoko: 8, 9, 10. Ukijumlisha na kugawanya utapoteza habari yote. Msomaji akiona 4 na 9 anajua nini kinamsubiri, akiona 6.5 hajui kitu. Ndiyo maana ziandike alama tatu, kando kwa kando, kwa kila tukio.

Filamu zinazoishi kwa macho

Kuna filamu ambazo zikisimuliwa kwa mdomo zinabaki nyembamba, na hazistahili kukatwa alama kwa hilo pekee. Avatar ya James Cameron, 2009, ilitajwa kwa Oscar tisa na hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa ya uandishi au uigizaji. Ilishinda tatu, za upigaji picha, usanifu wa mandhari na efekti. Mgeni anaingia kwa watu wasio wake, anawapenda, anahamia upande wao: mpangilio huo ulikuwa umezoeleka. Lakini tazama tukio la kwanza la Jake ndani ya mwili mpya. Ni mwanajeshi aliyepooza miguu. Anaamka, anavunja maagizo ya madaktari, anakimbia nje, anasimama shambani na kuzamisha vidole vya miguu kwenye udongo. Kompyuta imetumika kuchora vidole vya miguu, na tumeshajua anataka nini kwa muda wote wa filamu uliobaki.

Gravity ya 2013 inafika mahali hapohapo kwa njia nyingine. Ina dakika 91, inaanza na shoti moja inayozidi dakika 12 bila kukatwa, na kisa chake ni mwanamke aliyempoteza mtoto wake anayejaribu kurudi duniani. Shoti ya mwisho ni mikono ikikamata mchanga na miguu inayotetemeka ikijifunza tena kubeba mwili. Ukipima filamu za aina hii, kisa kitafute mwilini: nani anagusa nini, nani anashindwa kupumua, nani amesimama. Ukikitafuta kwenye mazungumzo tu utasema hakipo.

Kinyume chake kipo pia. Filamu inayozungumza kwa busara na kupiga picha zisizo na uhai haipaswi kubebwa kwa sababu ya dhamira yake. Dhamira nzuri iliyowekwa mdomoni mwa watu waliosimama mstari mmoja mbele ya ukuta ni hotuba.

Mahali hukumu inapopotoka

Mapato ya tiketi yanaeleza watu wangapi waliingia, hayaelezi walichokiona. Trela nayo hudanganya pande zote mbili, kwa hiyo usilinganishe filamu na trela yake. Mashabiki wa kampuni za mashujaa wana vita vyao, viache.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni "mashimo" ya hadithi. Shimo la kweli ni filamu kuvunja kanuni iliyoiweka yenyewe. Wakati wa kutazama mara ya pili, andika kwenye theluthi ya kwanza nguvu za kila mtu na mipaka yake, kisha kagua mwisho. Mtu akipata uwezo mpya dakika ya 120 kwa sababu tu anauhitaji, hilo ni shimo, na linaua kishindo pamoja na kisa, maana hakuna tena cha kuogopa. Mhusika kufanya jambo ambalo wewe usingelifanya si shimo. Watu waoga hukosea.

Na kwa wanaotazama filamu zilizotiwa sauti ya Kiswahili, utamaduni uliojengwa na kina Lufufu Tanzania na DJ Afro Kenya, na unaojaza vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea filamu, mpaka leo: msimulizi ni msanii wa pili juu ya msanii wa kwanza. Anawapa majina wahusika, anaongeza utani, anakoleza vita tupu vikanoga. Mpime naye, anastahili, ila kwa alama zake peke yake. Sauti yake hufunika muziki na maneno ya asili, kwa hiyo ukitaka kuandika juu ya mazungumzo au sauti ya filamu yenyewe, tafuta nakala ya asili yenye maandishi ya tafsiri chini. Ukishaitazama hivyo, andika alama mpya za dakika, na uziweke kando ya zile za mara ya kwanza. Pale "47, simu" ilipogeuka kuwa "47, nilisisimka", au kinyume chake, rudia dakika hiyo kabla hujaandika hukumu.